Kombe la Jiwe Darasani: Asili na Uainishaji wa Brakiopoda

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa mazoezi ya kufundisha katika Wilaya ya Masasi, tulikaa nyuma ya Darasa la VI tukimsikiliza mwalimu mwanafunzi akifundisha uainishaji wa wanyama wasio na uti wa mgongo. Somo lilikwenda vizuri. Ubao ulikuwa umepangwa, sauti ya mwalimu ilisikika, na mezani palikuwa na zana za kutosha: magamba mawili ya koa, makombe ya chaza kutoka Mikindani, na jiwe dogo lenye ukubwa wa korosho, ambalo mwanafunzi mmoja alikuwa amepewa na mjomba wake aliyefanya kazi ya barabara upande wa Lindi. Jiwe hilo lilikuwa na umbo la kombe lililofumba. Mwalimu alilinyanyua akasema, "Na huyu ni chaza, ila amegeuka jiwe." Msichana mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, mbona kombe la chini ni kubwa kuliko la juu, tena lina tundu kwenye ncha?" Mwalimu akajibu kwamba chaza wengine huwa hivyo, akamwambia akae. Nasi tukaandika katika fomu ya tathmini kwamba swali la mwanafunzi limejibiwa kwa utulivu, tukampa mwenzetu alama nzuri.

Tulipolichunguza jiwe lile baadaye kwa kulilinganisha na michoro ya vitabu, tuligundua kwamba halikuwa chaza hata kidogo. Lilikuwa kisukuku cha brakiopoda, mnyama wa faila nyingine kabisa. Msichana alikuwa amekwisha kutaja alama mbili ambazo wataalamu huzitumia kuwatenga wanyama hao, na watu wazima wawili wenye vyeti hawakumwelewa. Tuliporudi katika shule ile muhula uliofuata ili kusahihisha kosa, tuliambiwa kwamba amehama na wazazi wake. Kwa hiyo yeye bado anaamini, kama analikumbuka somo lile, kwamba aliona vibaya.

Katika makala hii tunakusudia kueleza brakiopoda ni nani, wametoka wapi, na wataalamu wamewaainisha vipi, ili mwalimu mwanafunzi atakayekutana na kombe la jiwe asirudie kosa letu. Hatudai kwamba brakiopoda wamo katika muhtasari wa shule ya msingi. Uainishaji umo, na wanyama hawa wanatufaa kuufundishia kwa sababu sura yao huwadanganya watu.

Chaza na brakiopoda

Wote wawili huishi baharini, wote wana makombe mawili, na wote hula chembechembe zilizomo majini. Mtu akiwaona mbali mbali atawaita ndugu. Lakini hebu tuwatazame kwa makini.

Mwalimu awaambie wanafunzi waweke viganja vyao pamoja kama mtu anayetaka kupiga makofi. Kiganja cha kulia na cha kushoto hufanana, kimoja ni kivuli cha kingine kiooni. Lakini kiganja kimoja peke yake hakina nusu mbili zinazofanana, maana upande mmoja una dole gumba na mwingine una kidole cha mwisho. Hivyo ndivyo walivyo jamaa wengi wa chaza. Kombe moja liko kulia kwa mwili wa mnyama, na jingine liko kushoto.

Sasa achukue vijiko viwili, kimoja kikubwa cha kupakulia na kimoja kidogo cha chai, avifunikize. Vijiko hivyo havilingani kwa ukubwa. Hata hivyo kila kijiko, ukipitisha mstari katikati yake kutoka mpini hadi ncha, kina nusu mbili zilizo sawasawa. Hivyo ndivyo alivyo brakiopoda. Kombe moja liko mgongoni mwake na jingine liko tumboni, na la tumboni ndilo kubwa kwa kawaida. Katika wengi wao kombe hilo kubwa lina ncha iliyojikunja, na penye ncha hiyo pana tundu.

Yafaa tukiri hapa kwamba jibu la mwalimu wetu lilikuwa na nusu ya ukweli. Wako chaza ambao makombe yao hayalingani, kwa kuwa kombe moja limeshikamana na mwamba na jingine limekuwa kifuniko tu. Ndiyo maana ukubwa peke yake hautoshi kukata shauri. Alama ya kutegemewa ni mstari wa katikati. Vilevile si kila tundu ni la brakiopoda, kwa kuwa wako konokono wa baharini wanaotoboa makombe ya wenzao ili wale nyama iliyomo, na matundu yao huonekana popote pale juu ya kombe. Tundu la brakiopoda liko mahali pake, penye ncha, katikati kabisa.

Tundu hilo ni la nini? Hapo hupita kikonyo, yaani mguu mfano wa uzi mnene, ambao mnyama hujishikiza nao kwenye jiwe au huuchimbia matopeni. Ndani ya makombe kuna kiungo kiitwacho lofofori. Ni mkono uliopinda au kujiviringa, wenye vinyweleo vingi vinavyopeperusha maji na kunasa chakula. Jina brakiopoda lenyewe ni la Kigiriki, maana yake ni mkono na mguu. Wataalamu wa Ufaransa waliolitunga mwanzoni mwa karne ya 19 walidhani mkono huo unafanya kazi ya mguu wa konokono. Dhana hiyo ilikuwa kosa, lakini jina limebaki. Wanafunzi na wajue kwamba hata wakubwa wa sayansi hukosea na kosa lao likaandikwa vitabuni kwa karne mbili.

Iko tofauti nyingine ambayo wanafunzi huipenda sana, nayo yahusu kufungua na kufunga. Chaza ana msuli wa kufunga tu, na kazi ya kufungua hufanywa na kano mfano wa mpira iliyo penye bawaba. Akifa, msuli hulegea, kano huyavuta makombe, na mnyama huachama. Baadaye makombe huachana, kila moja likachukuliwa na maji njia yake. Brakiopoda ana misuli ya kufunga na misuli mingine ya kufungua. Akifa, hakuna kinachomwachamisha. Ndiyo sababu makombe ya chaza ufukoni aghalabu huwa moja moja, na visukuku vya brakiopoda mara nyingi hupatikana vikiwa vimefumba, kama lile jiwe la Masasi.

Wapi tutawapata?

Mwalimu wa Masasi au Newala asiwatume wanafunzi wakatafute visukuku vya brakiopoda nyuma ya shule. Hawatavipata, na sababu ya kutovipata ni somo zuri kwa lenyewe.

Milima ya mawe ya Masasi, kama Mtandi, inayosimama peke yake juu ya uwanda, ni ya miamba iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo mkubwa. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, mwanajiolojia aliyezunguka nchi hii mwishoni mwa karne ya 19, ndiye aliyeipa milima ya namna hiyo jina la milima-visiwa katika kitabu chake cha mwaka 1900, na jina hilo la Kijerumani, Inselberg, leo hutumika duniani kote. Miamba hiyo ilikandwa chini sana ya ardhi kati ya miaka milioni 650 na 500 hivi iliyopita, mabara ya kale yalipogongana na kuungana kuwa bara kubwa la Gondwana. Hata kama kiumbe angenaswa humo, umbo lake lingefutika kama chapa ya mkono katika unga uliokandwa upya. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kuelekea mwisho wa zama zile zile ambapo jiwe la Masasi lilikuwa likiokwa gizani, brakiopoda wa kwanza walikuwa wakianza maisha katika bahari za mbali.

Ukipanda kutoka Masasi kwenda Newala unaacha miamba hiyo ya kale na kuingia juu ya tabaka za mchanga uliogandamana. Simama Newala penye Shimo la Mungu, utazame bonde la Ruvuma chini, nawe utaona jinsi uwanda wa juu ulivyokatika ghafla. Tabaka hizo Bornhardt aliziita kwa jina la Wamakonde wenyewe, nazo ni za kipindi cha Kretasi, miaka milioni 110 hivi iliyopita. Kwa sehemu kubwa ni mchanga ulioletwa na mito ya zama hizo, wala si tope la bahari. Maji hupita ndani yake upesi, jambo ambalo kila mama wa Newala aliyeteremka bondeni na ndoo analijua kuliko mwanajiolojia. Mnyama wa baharini hawezi kutarajiwa katika mchanga wa mto.

Basi jiwe letu lilitoka wapi? Upande wa Lindi habari ni nyingine. Kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, mwendo wa kilometa 60 hivi, kiko kilima cha Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Sattler aliona hapo mifupa mikubwa ikijitokeza ardhini, na kuanzia 1909 hadi 1913 msafara kutoka Berlin ulichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria. Mamia ya watu wa kusini walifanya kazi hiyo, na wapagazi walibeba zaidi ya tani 200 za mizigo kichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la spishi kwa heshima yake. Mjusi mrefu kuliko wote waliosimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, mwenye kimo cha zaidi ya meta 13, alitoka huko.

Watu wengi huishia kwenye mijusi. Lakini tabaka zenye mifupa pale Tendaguru, za mwisho wa kipindi cha Jurasi, miaka milioni 150 hivi iliyopita, zimetenganishwa na tabaka za mchanga wa bahari, kwa kuwa bahari ilikuwa ikija na kurudi. Baadhi ya tabaka hizo za bahari zimepewa jina la Trigonia, kombe la jamaa ya chaza lililojaa humo. Na pamoja na Trigonia wamo brakiopoda. Mwaka 1914 mtaalamu Erich Lange alichapisha maelezo ya makombe ya moja ya tabaka hizo, akawaweka brakiopoda mahali pao na jamaa ya chaza mahali pao. Kwa hiyo tofauti ambayo sisi tulishindwa kuiona darasani ilikwisha kuandikwa, kwa visukuku vya kusini mwa nchi yetu hii hii, miaka mingi kabla hatujazaliwa.

Kaskazini zaidi, brakiopoda wa Jurasi wa Somalia walielezwa mwaka 1935 na Helen Muir-Wood wa makumbusho ya London, mmoja wa wajuzi wakubwa wa wanyama hawa katika karne iliyopita. Jenasi moja aliiita Somalirhynchia. Tunamtaja kwa makusudi, ili wasichana wa darasani wajue kwamba kazi hii imefanywa pia na wanawake.

Wameainishwa vipi?

Uainishaji ni kupanga viumbe katika makundi, na makundi madogo ndani ya makubwa: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Wanafunzi wetu hukariri orodha hiyo vizuri mno. Wasichokijua, na walimu wengi pia hatukukijua, ni kwamba kupanga kwaweza kufuata sura au kufuata ukoo, na njia hizo mbili hazileti jibu moja.

Kwa watu wa uwanda wa Makonde mfano uko mlangoni. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa desturi huhesabu ukoo upande wa mama. Vijana wawili waweza kufanana kama mapacha nao si wa ukoo mmoja, na wengine wawili wasiofanana kabisa, mmoja yuko Newala na mwingine Tandahimba, wakawa watoto wa bibi mmoja. Mzee akiulizwa, hatazami pua. Atauliza, "Mama yake ni nani?" Mtaalamu wa brakiopoda naye, kwa namna yake, huuliza swali hilo hilo. (Mwalimu asiwafanye wanafunzi wasimame na kutaja koo zao mbele ya darasa. Wamo yatima, na wamo wenye mambo ya nyumbani wasiyopenda kuyasema. Mfano wa familia ya kubuni watosha.)

Kwa muda mrefu brakiopoda waliwekwa pamoja na chaza na konokono katika faila ya moluska. Baadaye, viungo vyao vya ndani vilipochunguzwa, walitengwa na kupewa faila yao. Mwaka 1869 Mwingereza Thomas Huxley aliwagawa katika sehemu mbili: wenye bawaba, ambao kombe moja lina meno yanayoingia katika vishimo vya kombe la pili, na wasio na bawaba, ambao makombe yao hushikwa na misuli tu. Mgawanyo huo ulikuwa rahisi, ukakaa vitabuni zaidi ya miaka mia moja. Mwalimu akipata kitabu cha zamani cha biolojia atauona, wala asishangae.

Ubaya wake ni kwamba kundi la pili limekusanywa kwa kukosa kitu. Kukosa bawaba si udugu. Ni kama kuwaweka ndege na popo upande mmoja, na wanyama wote wasioruka upande wa pili, kisha kudai kwamba nyoka na ng'ombe ni jamaa kwa kuwa hawaruki. Mwaka 1996 Alwyn Williams na wenzake walipendekeza mpango mpya wa makundi makubwa matatu, na ndio unaofuatwa leo.

Kundi la kwanza ni la lingula. Makombe yao yamejengwa kwa fosfati, madini yaliyo jamaa ya yale ya mifupa yetu, wala hayana meno. Lingula mwenyewe yu hai hata sasa katika Bahari ya Hindi na Pasifiki, akiishi ndani ya shimo la tope na mchanga kwa kikonyo kirefu. Kundi la pili ni la krania, wenye makombe ya chokaa, wasio na meno wala kikonyo. Kombe la chini hugandishwa moja kwa moja kwenye jiwe. Hawa ni wachache, nasi tutawapita. Kundi la tatu, la rinkonela, lina makombe ya chokaa na bawaba ya kweli yenye meno na vishimo. Hili ndilo kubwa kabisa, na visukuku vingi vimo humo. Wamo spirifa, ambao mkono wao ulishikwa na utepe wa chokaa uliojiviringa kama kamba ya kisimani. Wamo produkta wenye miiba, na mmoja wao, Gigantoproductus, alizidi sentimeta 30 kwa upana. Wamo pia rinkonela wenyewe, ambao makombe yao yana matuta na ukingo uliopindapinda, na terebratula, walio laini, wenye tundu bayana penye ncha. Jiwe la Masasi lilikuwa laini, na tundu lake lilikuwa la mviringo. Tunaliweka kwa terebratula, ingawa bila kulikata na kuona utepe wa ndani mtaalamu angetutaka tuwe na haya kidogo katika kusema hivyo.

Walitoka wapi?

Visukuku vya kwanza vya brakiopoda ni vya kipindi cha Kambri, zaidi ya miaka milioni 520 iliyopita. Wanatokea wakiwa tayari na makombe mawili, na kwa muda mrefu haikujulikana jinsi walivyofikia hali hiyo. Kwa swali hili dhana mbili zimeshindana katika siku za karibuni, nasi tunazieleza zote kwa kuwa ushindani wenyewe unaonyesha namna sayansi inavyofanya kazi.

Mwaka 1990 Simon Conway Morris na John Peel walitangaza kisukuku kizima kutoka Greenland kiitwacho Halkieria, mnyama mfano wa jongoo bapa aliyefunikwa na vigamba vingi vidogo, tena mwenye kombe moja mbele na moja nyuma. Baadhi ya wataalamu wakasema: mnyama wa namna hiyo akijikunja katikati, makombe yake mawili yatafunikana, naye atakuwa brakiopoda. Dhana hiyo ni nzuri kwa kusimulia, na mwanafunzi aweza kuionyesha kwa ukanda wa karatasi. Lakini leo wengi huona kwamba Halkieria ana udugu zaidi na moluska.

Dhana ya pili yahusu vigamba vidogo vya fosfati vya mwanzo wa Kambri, viitwavyo vya tomotiidi. Kwa miaka mingi vilipatikana vimetawanyika, na hakuna aliyejua vilikuwa vya mnyama gani. Kisha, katika miaka ya 2000, vilipatikana Australia Kusini vikiwa bado vimeshikamana, na ikaonekana kwamba baadhi yao walikuwa wanyama waliosimama chini ya bahari ndani ya mrija wa vigamba vilivyopangwa kwa duara. Katika aina nyingine, kama Micrina na Paterimitra, vigamba vimepungua, na viwili vimekuwa vikubwa kuliko vingine. Muundo wa ndani wa vigamba hivyo, pamoja na vijitundu vyake, unafanana na wa makombe ya brakiopoda wa kale. Kwa hiyo dhana yenye nguvu leo ni kwamba mrija wa vigamba vingi ulipungua kidogo kidogo katika vizazi vingi mno hadi yakabaki makombe mawili. Sisi twaiona dhana hii kuwa bora, kwa sababu inasimama juu ya visukuku vya hatua za katikati, ambapo ile ya kujikunja ilimhitaji mnyama ambaye hajaonekana akijikunja.

Ushahidi mwingine umetoka katika chembe za urithi. Hapo zamani wataalamu kadhaa walidhani brakiopoda wako karibu na upande wetu sisi wenye uti wa mgongo. Mwaka 1995 Kenneth Halanych na wenzake walilinganisha chembe hizo, wakaona kwamba wako upande wa moluska na minyoo ya pingili. Mwaka 2015 chembe zote za urithi za Lingula zilisomwa, nazo zikathibitisha ujamaa huo na moluska. Basi aliyesema brakiopoda na chaza ni jamaa hakukosea kabisa, ila ni jamaa wa mbali mno, na makombe mawili si urithi wao wa pamoja. Kila upande uliyapata kwa njia yake.

Hapo tunapenda kuongeza neno juu ya Lingula, ambaye vitabu vingi humwita kisukuku hai, kana kwamba hakubadilika tangu Kambri. Wataalamu wa sasa hawakubali. Makombe ya nje yamefanana, lakini viungo vya ndani vimebadilika, na jenasi Lingula yenyewe si ya zamani hivyo.

Brakiopoda walitawala bahari kwa miaka milioni nyingi, kisha mwisho wa kipindi cha Permi, miaka milioni 252 iliyopita, ukatokea msiba mkubwa ulioangamiza viumbe wengi wa baharini kuliko msiba mwingine wowote tunaoujua. Produkta wakatoweka, na makundi mengine yakabaki na wachache. Leo spishi zilizo hai ni 400 hivi, na zilizoelezwa kutokana na visukuku ni zaidi ya 12,000. Zamani ilisemwa kwamba chaza aliwashinda brakiopoda polepole kwa kuwa ni hodari zaidi. Mwaka 1980 Stephen Jay Gould na C. Bradford Calloway walihesabu makundi ya pande zote mbili katika zama mbalimbali, wakaonyesha kwamba kushuka kwa wamoja hakukufuatana na kupanda kwa wengine. Ni msiba wa Permi uliobadili mambo kwa ghafla. Ndiyo maana pale Tendaguru makombe ya jamaa ya chaza ni mengi kupita ya brakiopoda.

Darasani

Zana ya kwanza ni kamba ya sentimeta 540. Kila sentimeta ni miaka milioni moja. Wanafunzi waifunge mafundo wakihesabu kutoka mwisho ulio wa leo: sentimeta 110 kwa mchanga wa Newala, 150 kwa mijusi na makombe ya Tendaguru, 252 kwa msiba wa Permi, na zaidi ya 520 kwa brakiopoda wa kwanza. Watakapouliza binadamu yuko wapi, waonyeshe milimita tatu za mwisho. Tumeona darasa zima likinyamaza hapo.

Zana ya pili ni bibo la korosho, ambalo kila mtoto wa huku amelila. Waulize tunda ni lipi. Watasema ni lile lenye maji. Kumbe hilo ni kikonyo kilichovimba, na tunda la kweli ni korosho inayoning'inia chini. Baada ya hapo hawataona ajabu kwamba kombe lifananalo na chaza si chaza.

Zana ya tatu ni mbegu mchanganyiko: mbaazi, kunde, njugu mawe, mahindi, mtama, choroko. Makundi ya wanafunzi yazipange kwanza kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha wazigawanye na kuona zipi hupasuka sehemu mbili. Kila mara makundi yatabadilika. Mwalimu asiseme mapema upi ni mpango sahihi. Awaache wabishane, awaulize kila mmoja ametumia alama gani na kwa nini.

Huenda mzazi au mwanafunzi akauliza kama habari hizi zinapingana na dini yake. Mwalimu asidhihaki wala asikimbie. Aeleze mawe yanaonyesha nini na wataalamu wamelijuaje hilo, na mambo ya imani awaachie wazazi na viongozi wa dini wa mtoto.

Kisukuku kikiletwa shuleni, kisipigwe nyundo wala kisipakwe mafuta. Mwalimu aandike kilikopatikana, nani alikileta na lini, maana jiwe lisilo na mahali pake lina faida ndogo. Wala asiongoze msafara wa kuchimba, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hudai kibali kwa kazi hiyo. Na akiulizwa jambo asilolijua, aandike swali pembeni mwa ubao pamoja na jina la mwulizaji, aliache hapo mpaka jibu lipatikane, hata likikaa wiki tatu.

Jiwe la Masasi limo katika sanduku la zana za chuo. Karatasi yake ya zamani, iliyosema chaza, tumeiacha chini ya ile mpya, ambayo inasema: brakiopoda, kundi la rinkonela, yaelekea terebratula, kutoka upande wa Lindi; alama zilitambuliwa na mwanafunzi wa Darasa la VI.